Ajayi Crowther: mtu aliyejifunza upya lugha ya mama yake

Katika kozi zetu za historia ya isimu ya Kiafrika, jina la Samuel Ajayi Crowther hupita haraka. Tunaandika kwenye daftari kwamba alitoa sarufi na msamiati wa Kiyoruba mwaka 1852, kisha mwalimu anaendelea na Koelle, Bleek na Meinhof. Mimi pia nilimpita hivyohivyo mwaka wa kwanza. Nilimrudia baadaye, nilipokuwa natayarisha kazi ndogo kuhusu namna toni zilivyoanza kuandikwa katika lugha za bara letu. Hapo ndipo nilipotambua jambo lililonifanya niweke kando kazi yenyewe kwa wiki nzima: wale wengine wote katika orodha waliandika lugha za watu wengine. Crowther aliandika lugha aliyonyonya kwa mama yake, lakini ilimbidi aisomee mara ya pili, akiwa mtu mzima, kama mgeni.

Alizaliwa karibu na mwaka 1807 katika mji wa Osogun, kwenye nchi ya Oyo, ambayo leo ni kusini-magharibi mwa Nigeria. Jina lake lilikuwa Ajayi tu. Wakati huo dola ya Oyo ilikuwa inabomoka na vita vilitembea kutoka mji hadi mji. Mwanzoni mwa mwaka 1821 Osogun ilivamiwa, na kijana wa miaka kama 13 akafungwa kamba shingoni pamoja na mama yake na ndugu zake. Waligawanywa. Yeye aliuzwa mara kadhaa, safari moja akabadilishwa kwa farasi, na kila alipouzwa alisogea kusini zaidi, mbali na watu waliosema kama kwao, mpaka akafika Lagos. Huko alipakiwa kwenye meli ya Wareno. Meli hiyo haikufika mbali: tarehe 7 Aprili 1822 manowari ya Waingereza iliyoitwa Myrmidon iliikamata, na wale waliokuwa ndani wakapelekwa Freetown, Sierra Leone.

Kwa mwanafunzi wa lugha, Freetown ya miaka ile ni mahali pa kutamani na pa kuogopa kwa pamoja. Kila meli iliyokamatwa iliteremsha watu wa kabila tofauti. Mjerumani Koelle alipokaa hapo miaka ya baadaye na kuwahoji watu mmoja mmoja, alikusanya maneno ya lugha zaidi ya 100 bila kuondoka katika koloni hiyo, zikiwemo lugha za pande za Kongo na Angola. Wale waliotoka nchi ya Ajayi waliitwa Waaku. Hilo halikuwa jina la kabila lolote. Lilitokana na salamu zao, kwa sababu salamu nyingi za Kiyoruba zina neno kú ndani yake, na majirani waliosikia kú asubuhi, kú mchana na kú usiku wakaamua kuwaita hivyo. Ni kama sisi wa Katanga tungeitwa Wajambo.

Waaku hao hawakusema namna moja. Alikuwapo mtu wa Oyo, mtu wa Egba, wa Ijebu, wa Ijesha, na kule nyumbani baadhi yao walikuwa maadui. Freetown iliwaweka katika mtaa mmoja na soko moja. Lafudhi zilianza kusuguana. Kijana Ajayi aliishi katika mchanganyiko huo, lakini shuleni alifundishwa kwa Kiingereza. Inasimuliwa kwamba alijua kusoma baada ya miezi kama sita tu. Mwaka 1825 alibatizwa, akapewa jina la padri mmoja wa London, Samuel Crowther. Mwaka 1826 alipelekwa Uingereza kwa muda mfupi, na mwaka 1827 akawa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa Fourah Bay, chuo ambacho baadaye kilikuja kuwa chuo kikuu. Huko alisoma, na baadaye akafundisha. Alijifunza Kilatini na Kigiriki, akajaribu pia Kitemne, lugha ya wenyeji wa pale. Alimwoa Asano, msichana aliyeokolewa utumwani kama yeye, aliyekuwa amebatizwa Susan.

Tuhesabu basi. Kuanzia miaka 13 hadi zaidi ya 30, mtu huyu alisoma, aliomba, alifundisha na kuandika barua kwa Kiingereza. Kiyoruba kilibaki cha sokoni na cha nyumbani, na hicho cha sokoni kilikuwa cha mchanganyiko. Lugha yake ilisimama pale ilipokatwa, katika kinywa cha mtoto wa miaka 13. Hajui namna wazee wanavyozungumza barazani, hajui maneno ya mahari, ya kesi, ya matambiko. Mtoto wa umri huo anayasikia lakini hayasemi bado.

Mwaka 1841 serikali ya Uingereza ilituma meli kupanda mto Niger, na Crowther akachaguliwa kwenda pamoja na mmisionari Mjerumani, Schön. Safari hiyo inajulikana zaidi kwa homa, kwa kuwa Wazungu kama arobaini walikufa. Sisi tunaweza kuisoma kwa jicho jingine. Schön alikuwa amejifunza Kiigbo Freetown, kwa watu waliookolewa kutoka meli za watumwa, na alijiandaa vizuri. Walipofika Aboh, mji wa Waigbo kando ya mto, Kiigbo chake hakikumsaidia kama alivyotarajia, kwa sababu lahaja aliyojifunza haikuwa ya pale. Alivunjika moyo, akahamishia nguvu zake kwenye Kihausa. Crowther alikuwapo, aliona. Ninaomba msomaji akumbuke mji huu wa Aboh, nitaurudia.

Baada ya safari hiyo alipelekwa London kusoma, na mwaka 1843 mambo mawili yalitokea: alipewa upadri, na kitabu chake cha kwanza cha msamiati wa Kiyoruba kikachapwa. Kwa hiyo aliporudi Freetown mwezi Desemba, alikuwa Mwafrika mwenye kitabu kuhusu lugha yake mwenyewe, jambo adimu sana kwa wakati huo. Watu wangedhani kazi imekwisha.

Januari 1844 aliongoza ibada ya kwanza kwa Kiyoruba katika mji huo. Kanisa lilijaa. Wengi walikuja kuona tu kama kweli lugha yao inaweza kusimama mahali pale ambapo Kiingereza peke yake kilikuwa kimesimama. Naye, mwandishi wa kamusi, alitetemeka. Aliwaandikia wakubwa wake baadaye kwamba siku ile alijiona kama mtoto mchanga anayejaribu kutamka kwa mara ya kwanza lugha ya mama yake, ingawa aliijua vizuri. Mahali, kazi na watu waliomtazama, vyote vilikuwa vigeni kwake katika lugha hiyo.

Sehemu hiyo niliisoma mara tatu. Mimi nilizaliwa na kukulia Lubumbashi. Kiluba nakisikia vizuri, na katika fomu naandika kwamba ni lugha yangu. Kwenye matanga ya babu, wajomba walinipa nafasi niseme maneno mawili kwa niaba ya wajukuu. Nilianza kwa Kiluba, sentensi ya pili ikaingia Kiswahili, ya tatu ikaishia Kifaransa. Shangazi zangu walicheka katikati ya kilio, na mmoja akasema mtoto huyu anasomea lugha. Basi ninapomsoma Crowther pale altareni, siwezi kuliona kosa lake kuwa la unyenyekevu wa kidini tu, kama baadhi ya wanaoandika habari zake wanavyopenda kuonyesha. Kujua maneno na kuwa na haki ya kuyasema mbele ya watu ni vitu viwili, na cha pili hakimo katika kamusi.

Mwaka 1845 alifika Badagry, pwani, pamoja na mkewe, watoto, na wamisionari Townsend na Gollmer. Walikusudia kwenda Abeokuta, mji mkubwa wa Waegba, lakini vita viliziba njia na walikaa pale mwaka mmoja na nusu. Agosti 1846 wakaingia Abeokuta. Majuma machache baadaye, tarehe 21 mwezi huohuo, akaletwa mbele yake mama mzee. Alikuwa Afala, mama yake, ambaye hakumwona kwa miaka 25. Alikuwa ameuzwa na kukombolewa tena na tena, na alikuwa anaishi na mabinti zake si mbali na mji. Walitazamana, wakashikana mikono, wakakaa kimya kwa muda mrefu kabla ya yeyote kusema neno. Ajayi alimkuta mama yake akisema lugha ya Oyo katikati ya Waegba, mkimbizi kama yeye. Mwaka 1848 alimbatiza mwenyewe, akampa jina la Hana, yule mama wa Samweli katika Biblia.

Kuanzia hapo ndipo masomo yake ya pili yalipoanza. Alikuwa anatafsiri Biblia, na kila ukurasa ulimwonyesha mipaka ya Kiyoruba chake cha Freetown. Akafanya kile ambacho leo tungeita utafiti wa uwandani. Alikaa na wazee, alisikiliza kesi, aliuliza waganga na makuhani wa dini ya asili, dini ileile aliyokuja kuipinga, kwa sababu wao ndio waliokuwa na maneno mazito. Kutafuta maana ya neno moja kulimpeleka mara nyingi kwenye mila nzima. Aliandika methali kila alipoisikia, na msamiati wa 1852 umejaa methali hizo kama mifano ya matumizi. Ukikifungua unaona kwamba mwandishi hakuridhika kuandika neno na maana yake. Alitaka tumsikie mtu akilisema.

Kuhusu toni ndiko alikonivutia kwanza. Kiyoruba kina toni tatu, ya juu, ya kati na ya chini, na bila hizo lugha haisomeki. Neno ọkọ lenye toni mbili za kati ni mume. Ukiinua silabi ya mwisho, ọkọ́, ni jembe. Ukiishusha, ọkọ̀, ni chombo cha kusafiria. Ukizishusha zote mbili, ọ̀kọ̀, ni mkuki. Wenzetu wanaosema Kilingala wanaelewa mara moja, maana kwao moto na motó, mtu na kichwa, havitofautiani kwa kitu kingine. Anayetoka kwenye Kiswahili, lugha isiyo na toni, ndiye anayehangaika. Wazungu wengi waliokuwa wanaandika lugha za pwani ile walisikia kama wimbo tu. Crowther aliweka alama juu ya irabu katika kitabu chake cha 1852, kwa sababu sikio lake la utotoni lilikuwa halijafa. Hapa ninaona kile alichobaki nacho kutoka Osogun: maneno mengi alikuwa ameyakosa, lakini muziki wa lugha hakuupoteza.

Suala la tahajia lilichukua miaka. Crowther, Townsend, Gollmer, askofu Vidal wa Sierra Leone aliyeandika utangulizi wa sarufi, wakuu wa misheni London, na Lepsius huko Berlin, wote walikuwa na maoni. Nukta chini ya ẹ, ọ na ṣ zimetoka katika mabishano hayo, na pia uamuzi wa kuandika p peke yake kwa sauti ambayo katika lugha nyingine inaandikwa kp. Mkutano wa Lagos mwaka 1875 ulikamilisha mambo kwa kiasi kikubwa, na tahajia ya leo bado inaonyesha mkono wa watu hao.

Lakini Kiyoruba kipi? Kilichoingia vitabuni kilikuwa na mwili wa Oyo, lahaja ya Crowther na ya wengi wa wasaidizi wake, kikachukua maneno na matamshi kutoka Egba, kwa kuwa kazi ilifanyika Abeokuta. Mtu wa Ijebu au wa Ekiti hakujiona sana ndani yake. Hata jina lilibishaniwa. Yoruba lilikuwa jina la watu wa Oyo tu, nao wamisionari wakalitandaza juu ya Waaku wote. Koelle alilalamika waziwazi mwaka 1854 kwamba ni makosa kuwaita watu wote kwa jina la kundi moja. Kwa maana ya kitaalamu alikuwa na haki. Hata hivyo leo mamilioni ya watu wa Ijebu, Ekiti na Egba wanajiita Wayoruba bila kumuuliza Koelle.

Sisi tunalijua jambo hili kwa njia yetu. Darasani tumesahihishwa tangu utoto: batu balikuya inakatwa kwa wino mwekundu, inaandikwa watu walikuja, kwa sababu mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, lahaja ya Unguja ilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Hakuna mtu wa Lubumbashi aliyekuwapo. Tofauti ninayoiona ni kwamba Kiyoruba sanifu kilitengenezwa na mtu aliyekuwa na mama yake mjini humo, ambaye angeweza kumuuliza jioni kama sentensi ya asubuhi inasikika vizuri. Kwamba alimuuliza kweli, hilo nalifikiria mimi tu.

Mwaka 1851 alikwenda tena Uingereza, akapokewa Windsor na malkia Victoria na mumewe. Aliombwa aseme Baba Yetu kwa Kiyoruba, na malkia aliisifu lugha kuwa laini na tamu masikioni. Waandishi wa zamani wanaipenda sana hadithi hii. Mimi inanigusa zaidi ile ya mwaka 1862, nyumba yake ya Lagos ilipoungua. Ndani yake ziliteketea karatasi za maneno na methali alizokusanya tangu kutoka kwa kitabu cha 1852, kazi ya miaka kama kumi na moja. Yeyote aliyewahi kupoteza daftari la uwandani, au ufunguo wa USB, ataelewa bila maelezo. Hakuna aliyezikusanya tena.

Sasa nirudi Aboh. Kuanzia mwaka 1854 Crowther alipanda tena Niger, na mwaka 1857 misheni ikafunguliwa Onitsha, katika nchi ya Waigbo. Mwaka huohuo alitoa kitabu kidogo cha kusomea Kiigbo, akisaidiwa na mkalimani Simon Jonas, Mwigbo aliyekombolewa na kukaa Freetown. Lahaja iliyotumiwa iliitwa Isuama. Ilikuwa lugha ya Waigbo wa Freetown, mchanganyiko wa watu waliotoka sehemu mbalimbali, na Onitsha ilisikika ngeni. Njia ilikuwa ileile ya Kiyoruba: kuanza na watu waliookolewa, kisha kurudi nayo nyumbani. Kwa Kiyoruba ilifaulu, kwa Kiigbo ikakwama. Isuama haikupata wenyewe, na Waigbo walingoja hadi mwaka 1913 kupata Biblia nzima, katika namna nyingine iliyounganisha lahaja kadhaa, nayo ikabishaniwa pia.

Kwa nini? Sababu ni nyingi, na Waigbo hawakuwa na mji mmoja mkubwa kama Abeokuta wala kumbukumbu ya dola kama Oyo. Lakini moja iko wazi: Crowther hakuwa na sikio la Kiigbo. Kule Abeokuta alisahihisha Kiyoruba cha Freetown kwa miaka, neno kwa neno. Kwenye Niger alikuwa mgeni aliyetegemea wakalimani, kama Schön, na ile hitilafu aliyoishuhudia Aboh mwaka 1841 ikarudia chini ya jina lake.

Na hakujiweka huko peke yake. Mwaka 1864 aliwekwa wakfu kuwa askofu huko Canterbury, Mwafrika wa kwanza wa Kanisa la Anglikana kupewa cheo hicho. Chuo kikuu cha Oxford kikampa udaktari. Lakini Townsend na wenzake wa Abeokuta hawakutaka kuwa chini ya mtu mweusi. Basi jimbo lake lilichorwa kwa namna ambayo Lagos na Abeokuta, nchi ya lugha yake, zilibaki nje, naye akapewa Niger. Mtu aliyejua Kiyoruba kuliko mmisionari yeyote aliwekwa askofu wa mahali ambapo Kiyoruba hakikusemwa, na wengi wa wafanyakazi wake walikuwa watu wa Freetown waliohubiri kwa Kiingereza kupitia wakalimani. Vijana wa Kizungu walipofika mwishoni mwa miaka ya 1880 waliwashutumu wafanyakazi hao kwa mambo mengi, wakawafukuza, na mzee wa miaka zaidi ya 80 akajiuzulu kwenye kamati ya misheni mwaka 1890 baada ya kudharauliwa mezani.

Biblia ya Kiyoruba ilikuwa imekamilika katika miaka hiyohiyo ya 1880, sehemu kubwa ikiwa kazi ya mkono wake au iliyopitiwa naye. Afala, mama yake, alikufa mwaka 1883 akiwa mkongwe sana. Yeye alikufa Lagos tarehe 31 Desemba 1891. Nyumba yake ilikuwa huko miaka yote, katika mji ambao watu wake walinunua na kuuza, walibishana na kuzikana kwa Kiyoruba, na ambao kwa miaka 27 ya uaskofu wake haukuwa ndani ya jimbo lake.